Jakuzi la maji moto Kihesa: Faida iko kwenye kipimo cha dawa

BARIDI ya Juni na Julai mjini Iringa haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kulala huko. Mji upo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mgeni anayefika jioni akitokea Dar es Salaam, kabla ya kuuliza kuhusu chakula, huuliza kwanza kama kuna maji ya moto. Kwa wenye nyumba za wageni swali hilo ni la kibiashara. Anayeweza kulijibu vizuri kuliko jirani yake ndiye atakayejaza vyumba.

Ndiyo maana mjasiriamali wa Kihesa, kata iliyo upande wa barabara iendayo Dodoma, anaweza kuona kwamba bwawa dogo la maji moto, au jakuzi kama wengi wanavyoliita, ni uwekezaji wenye mantiki kuliko bwawa kubwa la kuogelea. Bwawa kubwa lisilopashwa moto ni zuri kwa picha, lakini wakati wa baridi ni wachache watakaoingia. Jakuzi huchukua nafasi ndogo na maji kidogo, na linaweza kutumika mwaka mzima. Watalii wanaopita Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yapata kilomita 130 kutoka mjini, hurudi na vumbi na uchovu. Saa moja ndani ya maji ya nyuzi joto 38 ni huduma ambayo mgeni yuko tayari kuilipia.

Hata hivyo, hesabu za uwekezaji huo mara nyingi huishia kwenye beseni, pampu, chujio na kipasha moto. Dawa ya kuua vijidudu huandikwa mwishoni kama kitu kidogo, sawa na sabuni ya kufulia mashuka. Hapo ndipo kosa linapoanza. Katika maji ya moto, dawa na namna ya kuitumia ndivyo vinavyoamua kama mradi utaleta faida au utaleta wagonjwa.

Dawa inayotajwa zaidi kwa mabwawa ya maji moto ni bromini. Ni vyema kwa anayetaka kuinunua akafahamu inafanya nini, inashindwa wapi, inagharimu kiasi gani na inahitaji uangalizi gani.

Bromini ni nini?

Bromini ni ndugu wa klorini. Zote zimo katika kundi moja la elementi, pamoja na iodini na floraini. Iligunduliwa mwaka 1826 na Mfaransa Antoine Balard katika maji ya chumvi, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya harufu mbaya. Leo sehemu kubwa ya bromini ya dunia hutoka katika Bahari ya Chumvi, kwa upande wa Israel na Jordan, na pia katika visima vya maji ya chumvi nchini Marekani na China.

Bromini halisi ni kimiminika cha rangi nyekundu ya kahawia chenye mvuke mkali, nacho hakitumiki katika jakuzi. Inayouzwa kwa ajili ya mabwawa huja kwa namna mbili. Ya kwanza ni vidonge vyenye bromini na klorini pamoja, ambavyo huwekwa katika kifaa maalumu au chombo kinachoelea na kuyeyuka polepole. Ya pili ni chumvi iitwayo sodiamu bromaidi, ambayo hutiwa kwenye maji kisha ikafuatiwa na dawa nyingine ya kuiamsha. Chumvi hiyo peke yake haiui kijidudu chochote. Anayenunua chumvi na kuiacha dawa ya pili kwa sababu ya bei amenunua chumvi tu.

Wakulima na wafanyabiashara wa nafaka wanaweza kuwa wamelisikia neno hilo kwa njia nyingine. Methili bromaidi ilikuwa gesi iliyotumika kufukizia maghala ya nafaka, vitalu vya tumbaku katika nchi kadhaa za Afrika na udongo wa mashamba ya maua nchini Kenya. Gesi hiyo ilionekana kuharibu tabaka la ozoni. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha matumizi yake ya kawaida kufikia mwaka 2015, isipokuwa kwa shughuli za karantini na mizigo inayosafirishwa nje. Dawa ya jakuzi si gesi hiyo, ingawa asili yao ni moja, na tahadhari ya mkulima aliyeizoea gesi ile haitakuwa na hasara hapa.

Kwa nini maji ya moto ni tofauti

Chukua mfano wa bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 10, upana wa mita tano na kina cha wastani cha mita moja na nusu. Bwawa hilo lina lita 75,000 za maji. Sasa chukua jakuzi lenye lita 1,500. Watu watano wakikaa katika jakuzi, kila mmoja ana lita 300. Ili bwawa kubwa lipate msongamano wa namna hiyo, ingebidi watu 250 waingie kwa wakati mmoja.

Jasho, mafuta ya ngozi, vipodozi na uchafu mwingine wa watu hao watano hula dawa haraka. Joto nalo huongeza kasi ya dawa kupotea, na mapovu yanayopulizwa na pampu huitoa dawa kwenye maji na kuipeleka hewani. Kwa hiyo jakuzi lililopimwa saa nne asubuhi na kuonekana salama linaweza kuwa halina dawa ya kutosha saa kumi jioni, hasa kama kundi la wageni limepita hapo mchana.

Bromini inapendwa katika mazingira hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza inahusu kipimo cha pH, yaani kile kinachoonesha kama maji yameelemea kwenye tindikali au kwenye magadi. Maji ya jakuzi, kwa sababu ya mapovu, huwa na tabia ya kupanda pH. Katika pH ya 8, ni takriban robo tu ya klorini iliyomo inayobaki katika hali yenye nguvu kubwa ya kuua vijidudu. Kwa bromini, katika pH hiyo hiyo, takriban asilimia 80 hubaki katika hali hiyo.

Sababu ya pili ni kile kinachotokea dawa inapokutana na jasho na mkojo. Klorini hugeuka kuwa mchanganyiko unaowasha macho na kutoa harufu kali ambayo wengi hudhani ni dalili ya usafi, kumbe ni dalili ya dawa iliyochoka. Mchanganyiko wa bromini hauna harufu kali kiasi hicho, na bado una nguvu ya kuua vijidudu.

Lakini bromini ina udhaifu mkubwa mmoja, nao ni jua. Mwanga wa jua huivunja, na haina kinga. Klorini inaweza kuongezewa asidi ya sayanuriki inayoikinga na jua, lakini asidi hiyo haiisaidii bromini. Mwekezaji mwenye bwawa la wazi linalopigwa na jua la Iringa mchana kutwa, akitumia bromini atakuwa akiimwaga fedha yake hewani. Kwa bwawa hilo klorini inabaki kuwa chaguo la busara. Bromini inafaa jakuzi lililo ndani ya jengo au chini ya paa, lenye kifuniko cha kufunikia linapokuwa halitumiki.

Hesabu ya gharama

Atomi ya bromini ni nzito kuliko ya klorini. Ili kupata nguvu inayolingana na ya kilo moja ya klorini, zinahitajika takriban kilo mbili na robo za bromini. Zaidi ya hapo, kilo ya bromini ni ghali kuliko ya klorini, na si kila duka la mjini linaiweka. Kwa bwawa la lita 75,000, kiwango cha chini cha klorini cha miligramu moja kwa lita ni sawa na gramu 75, wakati kiwango cha chini cha bromini cha miligramu tatu kwa lita ni gramu 225. Tofauti hiyo, ikizidishwa kwa siku za mwaka, inatosha kumkatisha tamaa mwenye bwawa kubwa.

Kwa jakuzi la lita 1,500 picha ni nyingine. Kiwango cha chini cha miligramu nne kwa lita ni gramu sita tu za bromini ndani ya maji kwa wakati wowote. Hata kama dawa inapotea na kurudishwa mara kadhaa kwa siku, kiasi bado ni kidogo. Gharama kubwa ya jakuzi haiko kwenye dawa. Iko kwenye joto.

Kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi joto 18 hadi 38 kunahitaji takriban uniti 35 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea njiani. Anayetumia kuni za milingoti hana bili ya umeme, lakini ana gharama ya kuni na ya kijana wa kuchochea. Hii ndiyo sababu wamiliki wengi huona uchungu kumwaga maji yaliyokwisha kupashwa. Maji yanayoonekana masafi kwa macho huachwa wiki baada ya wiki, huku dawa ikiongezwa.

Uchumi huo ni wa uongo. Dawa haiondoi uchafu uliokwisha kuyeyuka, na vidonge vyenyewe huacha mabaki ambayo hujilimbikiza hadi dawa mpya ikaonekana kama haifanyi kazi. Kuna kanuni rahisi inayotumiwa na wataalamu wa mabwawa kujua siku ya kubadilisha maji: chukua lita za jakuzi, gawa kwa 11, kisha gawa kwa idadi ya watu wanaoingia kwa siku. Jakuzi la lita 1,500 linalopokea watu wanane kwa siku hutakiwa kumwagwa na kusafishwa kila baada ya siku 17 hivi. Likipokea watu 16 kwa siku, muda huo hushuka hadi siku nane au tisa.

Kwa hiyo uniti 70 kwa mwezi za kupasha maji mapya, au zaidi wakati wa wageni wengi, zinapaswa kuingizwa kwenye bei ya huduma tangu siku ya kwanza, pamoja na umeme wa kulitunza joto kila siku. Mwekezaji ambaye bei yake haiwezi kubeba gharama hiyo ni afadhali aahirishe mradi kuliko kuuendesha kwa maji ya mwezi mzima.

Funzo kutoka Uholanzi

Mfano unaotajwa sana wa hatari ya maji ya moto yasiyotibiwa ulitokea kwenye maonesho ya maua. Februari 1999, katika mji wa Bovenkarspel nchini Uholanzi, maelfu ya watu walihudhuria maonesho makubwa ya maua ambayo pia yalikuwa na mabanda ya bidhaa za nyumbani. Mtu anayeyajua maonesho ya Nanenane ya Mbeya anaweza kuipata picha: kilimo upande mmoja, na upande wa pili kila aina ya biashara.

Miongoni mwa bidhaa hizo kulikuwa na jakuzi lililojazwa maji ya moto na kuwashwa mapovu ili wateja waone linavyofanya kazi. Uchunguzi ulionesha kuwa hapo ndipo bakteria aitwaye Legionela alipozaliana na kusambaa hewani kwa njia ya matone madogo ya mvuke. Watu zaidi ya 180 waliugua homa kali ya mapafu, na idadi ya waliofariki ilifikia takriban 30. Hawakuwa wameoga katika maji yale. Wengi walipita karibu tu.

Bakteria huyo alipewa jina kutokana na mlipuko uliowapata wanajeshi wastaafu wa Marekani waliokutana mjini Philadelphia mwaka 1976. Anapenda maji ya kati ya nyuzi joto 25 na 45, ambamo joto la jakuzi linaangukia. Mwingine anayestawi humo ni Pseudomonas, anayesababisha vipele vyenye kuwasha, hasa pale nguo ya kuogea ilipogusana na ngozi. Vipele hivyo hutokea saa kadhaa au siku chache baadaye, wakati mgeni amekwisha kuondoka. Mwenye nyumba anaweza asijue kamwe kwa nini wateja hawarudi.

Kipimo, si kukisia

Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinashauri bromini isipungue miligramu tatu kwa lita katika bwawa la kuogelea, na miligramu nne katika jakuzi. Kwa wanaotumia klorini, viwango hivyo ni miligramu moja kwa bwawa na tatu kwa jakuzi. Kwa matumizi ya kila siku pH itunzwe kati ya 7.2 na 7.8, na joto lisizidi nyuzi 40.

Vijiti vya karatasi vinavyobadilika rangi ndivyo kipimo rahisi, ila vinunuliwe vile vinavyosoma bromini na tarehe ya mwisho ya matumizi iangaliwe. Mwenye kifaa cha matone au vidonge vya DPD cha kupimia klorini anaweza kukitumia pia: akishasoma kiwango, azidishe kwa 2.25 kupata bromini. Kifaa kikionesha klorini miligramu mbili, bromini ni miligramu nne na nusu.

Upimaji ufanyike angalau mara mbili kwa siku, na zaidi kunapokuwa na wageni wengi. Majibu yaandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, bromini, pH, joto na jina la aliyepima. Daftari la shilingi chache ndilo litakalomwonesha mmiliki kwamba kila Jumamosi jioni dawa huisha, na ndilo atakalomwonesha afisa afya akifika. Maji yakiwa chini ya kiwango, jakuzi lifungwe hadi yatakaporekebishwa. Mteja mmoja anayekasirika kwa kusubiri ni nafuu kuliko watano wanaougua.

Wageni nao wana sehemu yao. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia hupunguza sana kazi ya dawa. Watoto wa chini ya miaka mitano wasiingizwe katika jakuzi, wajawazito waombe kwanza ushauri wa daktari, na mtu aliyelewa asiruhusiwe. Mwenye kuhara asiingie kabisa, kwani kuna vijidudu, hasa kriptosporidiamu, vinavyoweza kuishi siku kadhaa hata katika maji yenye dawa ya kutosha.

Stoo moja, hatari nyingi

Hatari kubwa zaidi haiko kwenye maji bali kwenye stoo. Ndani ya jakuzi dawa imeyeyushwa hadi gramu chache kwa lita 1,000. Kwenye ndoo ni kilo nzima, na anayeifungua mara nyingi ni kijana wa usafi ambaye hakuna aliyemweleza kilichomo.

Vidonge vya bromini, unga wa klorini na vidonge vya klorini vyenye asidi ya sayanuriki vyote ni vioksidishaji, yaani huchochea moto. Vikichanganywa vikiwa vikavu au vikiwa na unyevu kidogo vinaweza kuwaka au kulipuka. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kifaa kilichokuwa na vidonge vya klorini kisitiwe bromini, hata kama kinaonekana kitupu. Kijiko cha kupimia dawa moja kisitumike kwa nyingine.

Kwa Iringa kuna jambo la ziada. Nyumba nyingi za biashara zina shamba nyuma yake, na stoo ya nyumba ndiyo stoo ya shamba. Urea, mbolea za naitreti, mafuta ya taa, dizeli, oili ya pikipiki na magunia ya mahindi hukaa chumba kimoja. Unga wa klorini ukikutana na urea unaweza kutengeneza kemikali inayolipuka. Ukikutana na oili au mafuta ya breki unaweza kuwaka wenyewe bila kiberiti. Asidi ya kushushia pH ikimwagikia unga au maji ya klorini, hutoka gesi ya sumu inayoweza kumziba mtu pumzi katika chumba kidogo.

Dawa ya jakuzi kwa hiyo inahitaji kabati au chumba chake: pakavu, penye hewa, pasipofikiwa na jua, palipofungwa kwa kufuli na juu ya sakafu, si chini ambako maji ya kudeki hufika. Asidi ikae mbali na dawa. Kila kitu kibaki katika chombo chake chenye lebo. Dawa iliyopunjwa kwenye mfuko wa nailoni au chupa ya soda isinunuliwe kwa bei yoyote, kwani mnunuzi hana njia ya kujua ni bromini, ni klorini au ni vyote viwili. Ndoo iliyokwisha dawa isigeuzwe kuwa ndoo ya kuchotea maji au kuhifadhia unga.

Anayeshika dawa avae glovu za mpira na miwani ya kinga, na afungue chombo mahali penye hewa. Dawa ndiyo itiwe kwenye maji. Maji yasimiminwe juu ya dawa. Ikiingia machoni au kwenye ngozi, maji safi mengi yatumike kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu apelekwe hospitali pamoja na lebo ya dawa ili mganga ajue anachotibu. Wageni wasiwemo kwenye maji dawa inapotiwa, na wasirudi hadi kipimo kitakapoonesha kiwango sahihi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Na. 3 ya mwaka 2003, iliweka utaratibu wa usajili kwa wanaoingiza, kuuza na kutumia kemikali nchini. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kabla ya kununua, mjasiriamali ana haki ya kumtaka muuzaji aoneshe usajili wake na karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali husika. Muuzaji asiyeweza kutoa vitu hivyo viwili hafai kununuliwa dawa.

Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi mafunzo na vifaa vya kujikinga. Glovu na miwani ya kijana wa usafi si zawadi kutoka kwa bosi. Ni sehemu ya gharama ya mradi, kama ilivyo pampu.

Maji yanayomwagwa yaende wapi?

Kila siku 17, lita 1,500 za maji hutafuta pa kwenda. Kwa mtu wa Kihesa mwenye bustani ya mchicha na chainizi nyuma ya nyumba, hasa wakati wa kiangazi, kishawishi cha kuyamwagilia ni kikubwa. Asifanye hivyo. Dawa yenyewe huunguza majani na kuua vijidudu vyenye manufaa katika udongo. Hata baada ya dawa kuisha, bromaidi hubaki katika maji kama chumvi, na mboga za majani huifyonza na kuihifadhi.

Kwa samaki ni hatari zaidi. Kiasi kidogo sana cha bromini au klorini hai kinatosha kuua vifaranga vya sato bwawani. Maji hayo yasielekezwe kwenye bwawa la samaki wala kwenye mfereji unaoteremka Mto Ruaha Mdogo, ambao maji yake huendelea hadi Mtera, kwenye wavuvi wanaoutegemea uvuvi kwa maisha yao.

Njia salama ni kuacha kutia dawa siku moja au mbili kabla ya kumwaga, kulifunua jakuzi ili mwanga na hewa viiondoe, kupima hadi kipimo kisome sifuri, kisha kuyaelekeza maji kwenye mfumo wa majitaka. Mfugaji wa kuku anaielewa kanuni hii kwa upande mwingine: anajua kwamba chanjo ya mdondo haiwekwi katika maji yenye klorini, kwa sababu dawa inayoua vijidudu vya ugonjwa huua na chanjo. Dawa haichagui.

Uamuzi wa mwekezaji

Kwa mwenye bwawa la wazi, klorini iliyokingwa na jua ndiyo inayolipa. Kwa mwenye jakuzi la maji moto chini ya paa, bromini inastahili bei yake, mradi mambo manne yawe yameingizwa kwenye mchanganuo kabla ya beseni kununuliwa: vipimo vya kila siku, joto la maji mapya, kabati la dawa linalojitegemea na mfanyakazi aliyefundishwa na kupewa kinga.

Kati ya hayo manne, la mwisho ndilo linaloachwa kirahisi, kwa kuwa halionekani na mgeni. Lakini ni mikono ya mfanyakazi huyo inayopima gramu sita za dawa asubuhi na jioni, na ni yeye anayefungua ndoo stoo. Mmiliki anayetaka kujua kama jakuzi lake ni salama asianze kwa kuyatazama maji. Amwombe kijana wake amweleze kilichomo kwenye ndoo, kipimo cha jana jioni kilisoma ngapi, na atafanya nini dawa ikimrukia machoni. Akikosa jibu hata moja, huduma isitishwe hadi atakapofundishwa.